Kumpa Mtoto Alelewe na Wengine: Mama Mjamzito Ajue Nini?

Habari tunayoandika leo si nyepesi. Inawahusu kina mama wajawazito, lakini tunaomba kina baba nao waisome mpaka mwisho. Ilitufikia darasani kwa njia ya karatasi.

Siku moja baada ya kisomo cha jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, mama mmoja alibaki kwenye benchi. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akasema, "Mwalimu, nimeisoma mwenyewe mpaka mwisho. Maneno yote nimeyajua. Ila sielewi itanifanya nini. Nisaidieni."

Ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Ilisema kwamba yeye, kwa hiari yake, amemtoa mtoto atakayemzaa kwa Bwana na Bibi fulani wa mjini. Ilisema hatamdai mtoto huyo maisha yake yote. Tena ilisema amekwisha kupokea fedha za matunzo ya ujauzito, na kiasi hakikuandikwa. Chini kabisa paliachwa nafasi ya dole gumba. Waliomletea walimwona mtu wa shamba, wakadhani hajui kusoma. Hata kidau cha wino walikuja nacho.

Hakutia dole. Aliwaambia kichwa kinamwuma, warudi wiki ijayo.

Tulikaa naye mpaka giza likaingia. Tulimwuliza, "Wewe mwenyewe unataka kumtoa mtoto?" Alinyamaza. Kisha akasema, "Sijui. Ninao watatu nyumbani. Baba wa huyu alipopata habari alihama. Mchana naona heri aende kwa watu wenye uwezo. Usiku akicheza tumboni naona siwezi. Je, Mwalimu, mimi ni mama mbaya?"

Tulimjibu kwamba si mama mbaya, na jibu hilo tunalirudia hapa kwa yeyote aliye katika hali kama yake. Mama anayekaa akawaza mtoto wake atakula nini na atalala wapi, huyo ameanza kulea kabla ya kuzaa. Mbaya ni kumficha asiwaze, au kumharakisha. Wiki iliyofuata tulikwenda naye kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mengi ya haya tunayoandika tuliyauliza siku ile, na mengine tumeyasoma katika sheria yenyewe.

NENO LENYEWE

Katika Kiswahili cha sheria jambo hili huitwa kuasili mtoto. Tulipoliandika neno hili ubaoni, mzee mmoja wa darasa letu alishtuka. Alidhani ni kuasi, yaani mtoto amegombana na wazazi wake! Sivyo. Neno limetoka kwenye asili. Anayeasili mtoto anamfanya kuwa wa asili yake, kama aliyemzaa. Wazee wetu wengi husema "mtoto wa kupanga", nalo ni neno linaloeleweka.

Sheria inayohusika hapa Tanzania Bara ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar wanayo sheria yao ya mwaka 2011. Kwa hiyo wasomaji wetu wa Unguja na Pemba waulize huko kwao, kwani yapo yanayotofautiana.

Kulea mtoto wa mwingine si jambo geni kwetu. Nani kati yetu hajui nyumba ambayo bibi analea wajukuu wanne? Nani hajui shangazi ambaye hakujaliwa kuzaa, akapewa mtoto wa kaka yake? Haya ni malezi ya ukoo, na yameokoa watoto wengi. Lakini tuwe waangalifu. Kulea ni kitu kimoja, na kuasili ni kingine. Bibi anapomlea mjukuu, mama mzazi anabaki kuwa mzazi. Wajibu wake haujaondoka, na haki zake haziondoki. Mtoto akiasiliwa, mambo yanageuka kabisa. Haki na wajibu wa waliomzaa unakoma, na unahamia kwa waliomwasili. Mtoto anahesabiwa kuwa wao, anarithi kwao kama mtoto wao wa kuzaa. Mama aliyemzaa hatadaiwa karo wala nguo za shule. Na siku binti huyo akiolewa, hatakwenda kudai mahari. Jambo hili halina "tutaonana baadaye". Ni la maisha.

Kwa sababu hiyo sheria haikuliacha mikononi mwa watu wawili na karatasi. Kuasili hufanywa kwa amri ya mahakama tu, na kama anayetaka mtoto si ndugu, maombi huenda Mahakama Kuu. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kutoa amri hiyo. Mchungaji hawezi, wala shehe. Muuguzi wa wodi ya wazazi hawezi, hata awe mwema namna gani. Wakili anaweza kuandika maombi, lakini hawezi kumhamisha mtoto. Basi ile karatasi iliyoletwa na kidau cha wino haikuwa na nguvu ya kumfanya mtoto awe wa Bwana na Bibi fulani. Nguvu yake ilikuwa moja tu: kumtisha mama ambaye hajui.

KWANZA IPIME SHIDA YENYEWE

Ofisa ustawi alimwuliza mama yule swali ambalo tumekuwa tukilitumia tangu siku hiyo. Alimwuliza, "Kama shida hii iliyokuleta ingekwisha leo, mtoto ungebaki naye?"

Jibu la swali hili linafumbua mengi. Wapo kina mama ambao shida yao ni fedha, au ni mwanamume aliyekimbia, au ni kufukuzwa nyumbani. Shida ikiondoka, mtoto wanamtaka. Mama wa namna hiyo afadhali aitafutie dawa shida kabla hajamtoa mtoto, kwa sababu shida inaweza kwisha baada ya mwaka mmoja, na mtoto harudi.

Mwanamume aliyempa mwanamke mimba hawezi kuikimbia kwa kuhamia wilaya nyingine. Sheria ya Mtoto inampa mama njia ya kwenda mahakamani kuomba itamkwe nani ni baba na atoe matunzo. Tena hana haja ya kungoja azae. Anaweza kuanza akiwa mjamzito. Ofisa ustawi husaidia kuita pande mbili wakae, na mara nyingi mambo humalizika hapo bila hakimu. Kina baba mnaosoma, mmesikia.

Kama mjamzito ni msichana wa shule, wazazi wake wajue jambo moja. Zamani mimba ilikuwa ndio mwisho wa masomo. Tangu Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mwanafunzi aliyeacha shule kwa ajili ya kujifungua anaweza kurudi, na Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo ukatoka. Pia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina vituo vya kusomea sekondari nje ya mfumo wa kawaida. Tunalisema hili kwa kuwa tumewasikia wazazi wakimwambia binti, "Mtoe huyo mtoto ndipo urudi darasani." Si kweli kwamba lazima amtoe. Na binti aliye chini ya miaka 18 ni mtoto mwenyewe mbele ya sheria. Ofisa ustawi atataka kumsikia yeye, pembeni, si baba yake peke yake. Kama mimba ilitokana na kubakwa au kulazimishwa, kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto ndipo pa kuanzia.

Lakini wapo pia kina mama ambao, hata shida ingekwisha, wanaona hawataweza kumlea mtoto huyu. Sababu zao wanazijua wao. Mwingine ni mgonjwa. Mwingine amepita mambo ambayo kila akimtazama mtoto yatarudi. Mwingine ameshapima nguvu zake akaona zimefika mwisho. Mama wa namna hii tusimchoshe kwa maswali. Amepima, na njia ya sheria ipo kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto wake.

Mara nyingine ndugu wa karibu wapo tayari kumchukua mtoto. Hapo tunashauri waulizwe kwanza, maana mtoto atabaki anajua ukoo wake. Ila mapatano ya ndugu nayo yaandikwe mbele ya ofisa ustawi. Tumeona magomvi makubwa yaliyoanza kwa neno tamu la "huyu ni wetu sote".

Njia ya kutupa mtoto hatutaieleza sana. Kumwacha mtoto chooni, porini au mlangoni pa mtu ni kosa la jinai, na mtoto hufa kwa baridi au kwa siafu kabla hajaokotwa. Msichana anayewaza hivyo huwa amebanwa na woga, na hana wa kumwambia. Kama unamjua, nenda kwake leo. Mwambie kuna ofisi ambayo itampokea bila kumpiga.

MAMBO YANAVYOKWENDA

Mama akishaona kwamba anataka mtoto aasiliwe, aende kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Kama hajui ofisi ilipo, ofisa mtendaji wa kijiji au wa kata anajua, na zahanati wanajua. Aende mapema, akiwa bado mjamzito, ili ajulikane na asipate msukosuko siku ya kujifungua. Kwenda huko hakumfungi. Ni kama kwenda kuuliza bei ya mbuzi, hujanunua.

Na kliniki aendelee. Wapo wanaoacha kliniki kwa kufikiri, "Mtoto si wangu tena, ya nini?" Damu ni ya kwake, na mtoto naye anahitaji kuzaliwa mzima, popote atakapolelewa. Kama ana virusi vya UKIMWI, dawa anazomeza akiwa na mimba ndizo zitakazomkinga mtoto. Kazi hiyo hakuna mwingine anayeweza kumfanyia.

Akijifungua, mtoto asajiliwe kuzaliwa kwake kama mtoto mwingine yeyote, kwa jina la mama aliyemzaa. Tunasisitiza hapa kwa sababu ndipo wadanganyifu hufanya kazi yao. Humshawishi mama atumie kadi ya kliniki ya mwanamke mwingine, au ajiandikishe hospitali kwa jina la huyo anayetaka mtoto. Hilo ni udanganyifu, na siku litakapojulikana mama atakuwa wa kwanza kuhojiwa.

Wanaotaka kuasili huchunguzwa. Ofisa ustawi huenda mpaka nyumbani kwao, akaona wanavyoishi, akauliza majirani. Asiye ndugu anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 25, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mgeni wa nchi nyingine lazima awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kuna Wazungu wako Ulaya wanamngoja mtoto wako, na ndege imeshalipiwa, jua huyo ni mwongo, au ni mfanyabiashara ya watu.

Kabla ya amri kutolewa, mtoto hukaa kwanza na watu hao kwa miezi kadhaa huku ofisa ustawi akifuatilia. Malezi haya ya muda huitwa malezi ya kambo. Neno "kambo" lina sifa mbaya katika hadithi zetu za usiku, lakini hapa halina maana ya mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula. Maana yake ni malezi ya mtu asiye mzazi, yanayosimamiwa na serikali.

Kisha maombi huenda mahakamani. Anayeyapeleka ni yule anayetaka kuasili. Mama aliyezaa hapeleki maombi wala halipi kitu. Anachoombwa ni idhini yake. Baba naye akijulikana ni mzazi, kwa hiyo ataulizwa. Mahakama inatakiwa iridhike kwamba mzazi ameelewa kitu anachokikubali, yaani kwamba haki zake juu ya mtoto zinakwisha moja kwa moja. Tena iridhike kwamba hakuna fedha zilizotolewa ili mtoto atoke. Mama anaweza kusaidiwa nauli au chakula kwa njia halali inayojulikana na ofisa ustawi, lakini mtoto hana bei. Kupokea fedha kwa ajili ya mtoto kunaweza kuwafikisha mtoaji na mpokeaji gerezani. Ndio maana yale maneno ya "amepokea fedha za matunzo" katika karatasi ya mwenzetu yalikuwa hatari kwake kuliko yote, maana hakuwa amepokea hata senti.

Je, akibadili mawazo? Swali hili tuliliuliza mara mbili, maana mama yule alilirudia njia nzima. Wakati wa mimba hajafungwa na ahadi aliyotoa kwa mdomo. Akishatoa idhini, lakini amri haijatolewa, amwambie ofisa ustawi mara moja, asione haya. Mahakama ndiyo itakayopima. Amri ikishatolewa, basi. Kwa hiyo asikubali kuharakishwa. Sisi tunaona mama asitie sahihi yoyote akiwa mjamzito, wala siku zile za kwanza akiwa bado kitandani. Ajifungue, apate nguvu, alale, ale, amtazame mtoto. Kama uamuzi wake ulikuwa mzuri kabla, utabaki mzuri baada ya wiki kadhaa.

Kuna jambo la dini pia, nalo huulizwa sana. Katika Uislamu kumlea yatima au mtoto asiye na mlezi ni tendo lenye thawabu kubwa, lakini nasaba haibadilishwi. Mtoto huitwa kwa jina la baba aliyemzaa. Mama Mwislamu anayetaka mtoto wake abaki katika utaratibu huo amweleze ofisa ustawi tangu mwanzo, na azungumze na shehe wake. Wakristo nao wakazungumze na viongozi wao ikiwa mioyo yao ina wasiwasi.

MWILI HAUJUI AMRI YA MAHAKAMA

Sasa tuje kwenye jambo ambalo katika vikao vingi hupitwa haraka. Tunataka tukae hapa kidogo.

Mama aliyemtoa mtoto wake, hata kwa hiari kamili na kwa sheria kamili, ataomboleza. Maziwa yatakuja siku ya pili, ya tatu au ya nne, kama yanavyomjia mzazi mwingine. Kifua kitajaa na kuuma. Atasikia mtoto wa jirani analia, naye atainuka kabla hajakumbuka. Hili si dalili kwamba alikosea. Mwili wake unafanya kazi yake. Amweleze muuguzi ili amfundishe jinsi ya kupunguza maumivu ya matiti.

Wapo wanaoshauri kwamba mama asimwone mtoto, asimguse, asimpe jina, eti asije akamzoea. Sisi hatuoni hivyo. Tumezungumza na mama mmoja mtu mzima ambaye alifanyiwa hivyo alipokuwa msichana. Alituambia kwamba jambo linalomwuma mpaka leo ni kutojua hata kama mtoto alikuwa na nywele nyingi au chache. Mama akitaka kumbeba mwanawe, ambebe. Akitaka kumnyonyesha siku anazokaa naye, anyonyeshe, kwani maziwa yale ya kwanza ya manjano ni kinga kubwa kwa mtoto. Akitaka kumpa jina, ampe. Na kama hataki hata moja kati ya hayo, asilazimishwe.

Huzuni hupungua taratibu. Lakini kama wiki zinapita na mama hali, halali, hataki kuzungumza na mtu, au anasema afadhali afe, huo ni ugonjwa. Humpata hata mama aliyebaki na mtoto wake. Apelekwe zahanati. Asiachwe peke yake nyumbani akiambiwa "ulitaka mwenyewe".

Na maneno ya kijijini je? Yatakuwapo. Tumbo lilionekana, mtoto haonekani. Mama yule alituuliza atawajibu nini kisimani. Hatukuwa na jibu zuri sana. Mwanafunzi mwenzake, mama wa makamo, ndiye aliyempa. Alimwambia, "Sema mtoto yuko salama, amewekwa na serikali kwa wanaomlea. Kisha inua ndoo yako uondoke." Si kila anayeuliza anastahili kuhadithiwa. Watoto wake wakubwa ndio hasa wanaostahili kuelezwa kweli, kwa maneno ya umri wao. Wasiposikia kwake watasikia kwa wengine, na mdogo wao anaweza kuanza kuogopa kwamba zamu yake inakuja.

BARUA

Hapa wahitimu wa kisomo wana jambo ambalo mama zao hawakuwa nalo. Wanaweza kuandika.

Mtoto aliyeasiliwa hukua, na siku moja huuliza. Kuna Daftari la Watoto Walioasiliwa kwa Msajili Mkuu, kwa hiyo habari zake hazipotei. Sheria inawataka wazazi waliomwasili wamweleze kwamba aliasiliwa, akiwa amefikia umri wa kuelewa na ikiwa kuna manufaa kwake. Si kazi ya jirani kumtangulia. Siku hiyo ikifika, mtoto hatauliza sana habari za Mahakama Kuu. Atauliza, "Kwa nini alinitoa?"

Mama anaweza kumjibu kwa mkono wake. Amwulize ofisa ustawi kama barua yake inaweza kutunzwa katika jalada la mtoto. Haina haja ya kuwa ndefu. Aandike mtoto alizaliwa mahali gani, saa ngapi, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Aandike jina alilompa na maana yake. Aandike magonjwa ya ukoo, kama kuna sukari, pumu, selimundu au kifafa, kwa sababu daktari atayauliza na wazazi wapya hawatayajua. Aandike ndugu zake ni wangapi. Na sababu, aandike ile ya kweli. Makosa ya herufi si neno.

Mama wa karatasi iliyokunjwa mara nne alianza barua yake akiwa na mimba ya miezi minane, kwenye daftari la hesabu. Wale wa mjini waliporudi aliwaambia waende kwa ofisa ustawi wakajieleze kama watu wengine. Hawakwenda, na hatujawaona tena. Yeye alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Shangazi yake alikuja kukaa naye arobaini. Baba wa mtoto ameitwa na ofisi ya ustawi mara mbili, na mara ya pili alikuja. Mama hajaamua bado. Ofisa ustawi amemwambia hakuna anayemkimbiza, na barua imebaki ndani ya daftari.

Mwenye swali, au anayemjua msichana aliyebanwa, anaweza kupiga simu namba 116. Ni simu ya huduma kwa mtoto, na haina malipo. Katika toleo lijalo tutaeleza hatua za kumsajili mtoto na kupata cheti cha kuzaliwa, pamoja na namna ya kusoma kadi ya kliniki. Njooni na kadi zenu darasani.